Ombi la Kusimamisha Ndoa Yangu kwa Wiki Sita

Fort Worth, Texas
Agosti, siku ya joto

Kwa Mama Jedidah,
Meneja, Wakala wa Huduma za Nyumbani Mikono Miwili

Mama Meneja mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe na wafanyakazi wako wote, isipokuwa mmoja, ambaye nitamtaja hivi punde kwa heshima zote.

Mimi ni Godefroid, mteja wako mpya, yule aliyeumia mgongo ghalani akiinua sanduku la mashine ya kukimbilia, ile ambayo watu wa hapa hununua ili wakimbie bila kutoka sebuleni. Daktari ameniamuru nilale wiki sita. Mke wangu Véronique anatunza wazee kule Arlington kuanzia asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo hana nafasi ya kunitunza mimi. Ndipo bima ya kazini ikakuandikia, nawe ukanitafutia mhudumu anayejua Kiswahili, na kwa hilo nakushukuru. Shida ni kwamba umeniletea mama mkwe wangu.

Najua hukukusudia. Kwenye karatasi zako yeye ni Clothilde tu, mwenye cheti. Tena wewe ni Mkenya, mama, na huenda kwenu mkwe ni mtu wa kukaa naye mkanywa chai. Mimi nilivyolelewa kule Fizi, Kongo, mwanamume hamtazami usoni mama wa mke wake, hali chakula mbele yake, wala hakai naye chumba kimoja. Akimwona anakuja, anakata kona. Nimeoa miaka kumi na minne, yeye anaishi kwa shemeji yangu upande wa pili wa mji, na hatujawahi kupeana mkono. Tulikuwa tunapendana sana kwa mtindo huo.

Haya yote yameletwa na ile semina ya ajira kanisani. Bwana mmoja, Kiplagat, aliendesha gari kutoka mji wa Katy, karibu na Houston, kuja kutueleza ni kazi zipi zinatafuta watu Dallas na Houston: wauguzi, watunza wazee, madereva wa malori, mafundi wa umeme na wa viyoyozi, watu wa kompyuta. Vijana wakaandika. Mama Clothilde, mwenye miaka sitini na mmoja, akanyoosha mkono: "Mu hizi kazi zote, ni gani haiombe mutu apande juu ya nyumba?" Watu walicheka, lakini haukupita muda akawa na cheti, sare ya buluu na viatu vya mpira. Nilimpigia makofi kama wengine. Sikujua mgonjwa wake wa kwanza nitakuwa mimi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Siku ya kwanza alipofungua mlango wa chumba, niliruka kutoka kitandani nikajifungia kabatini. Hiyo ndiyo heshima niliyofundishwa. Yeye naye, kwa heshima yake, akageukia dirisha. Kisha akaandika kwenye ripoti yenu kwamba mgonjwa "anatembea haraka bila msaada." Hakusema uongo. Kila akiingia nakimbia, na kila nikikimbia anaandika. Wiki iliyopita watu wa bima walinipigia simu kuniuliza kwa nini sijarudi kazini.

2. Sheria yenu inasema mhudumu amwogeshe mgonjwa. Sitaandika mengi hapa. Nitasema tu kwamba tulielewana, bila kusemezana, kuwa nitajiogesha mwenyewe nyuma ya pazia na yeye atasimama koridoni akizungumza na ukuta: "Weye ukuta, ambia ule mugonjwa asiiname. Ambia ye aache kudanganya, mugongo haijaguswa na maji." Nilimjibu kupitia ukuta huo huo kwamba mgongo umekwisha kuoshwa. Binti yetu Kethia alipita akatukuta hivyo, akasema, "Dad, she's literally certified," yaani bibi ana cheti kabisa, akaenda zake.

3. Sheria yenu tena inasema mhudumu ahakikishe kwa macho yake kwamba mgonjwa amekula. Mimi siwezi kula akinitazama. Alikaa na sahani ya ugali na sombe, kisamvu chetu, akingoja nile, nami nikangoja atoke, mpaka chakula kikapoa. Akaandika: "Hana hamu ya kula." Mkaniletea mtaalamu wa lishe. Mtaalamu wa lishe aliponiona nimekonda na sitazami watu usoni, akamwita mshauri wa watu wenye huzuni. Mshauri hajui Kiswahili, akaletewa mkalimani. Mkalimani alipoelewa jambo lenyewe, alicheka mpaka akaomba maji. Sasa nakuuliza, mama: ni kweli kwamba kazi za afya zinakua kwa kasi hapa Texas, au ni mgongo wangu tu unaozikuza?

4. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Mama Clothilde amesimamishwa kanisani akasifiwa, na sasa akina mama wenzake wanajiandikisha kozi, na wote wana wakwe. Kuna siku hakutakuwa na mwanamume wa Kikongo katika mji huu anayeweza kuugua kwa amani. Nilifikiri mngewabadilisha, kila mama apewe mkwe wa mwenzake. Nilipochunguza nikaona haiwezekani. Tumeoana sana hapa. Kila mama niliyemfikiria nilikuta ni shangazi wa mke wangu, au mama mdogo wa mke wa jirani yangu Alain, na heshima yao ni ile ile.

Kulala chali kunampa mtu muda wa kufikiri, na mimi nimeufikia mwisho wa jambo hili. Mama Clothilde ni mkwe wangu kwa sababu ya ndoa. Ndoa ikisimama, ukwe nao unasimama. Kwa hiyo naomba ofisi yako imwandikie mchungaji wetu, kwa barua yenye muhuri, ili ndoa yangu na Véronique isimamishwe kwa wiki sita kwa sababu za matibabu. Wiki hizo zikiisha tutarudiana hapo hapo, bila mahari nyingine. Nimemweleza Véronique. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia, akauliza kama zinaweza kuwa wiki nane, na kama katika muda huo ndugu zangu nao hawatakuwa mashemeji zake. Tafadhali maswali hayo yasimfikie mchungaji.

Ikishindikana kabisa, nipe mhudumu mwingine yeyote, hata asiyejua Kiswahili. Tutaonyeshana kwa vidole.

Nisalimie ofisi nzima, hasa yule dada wa simu anayeniita Godfrey. Wasalimie mume wako na watoto. Bwana Kiplagat naye msalimie, umwambie Katy ni pazuri, atulie huko.

Wako mtiifu, niliyelalia ubavu wa kushoto,

Godefroid

Nyongeza: Mama, usifanye lolote. Barua hii ningeichana, lakini Véronique ameshaisoma na anasisitiza niitume. Leo nilipokuwa naoga mgongo ulinikamata nikaanguka, nikashindwa kunyanyuka, nikashindwa hata kuvuta taulo. Mama Clothilde aliingia. Akanitazama usoni, akanishika makwapani akanikalisha, akanimwagia maji ya vuguvugu mgongoni mpaka nikaacha kutetemeka. Nilikuwa nalia kwa maumivu na kwa aibu. Akaniambia, "Nyamaza, mwana wangu. Mu kambi niliosha baba ya Véronique mpaka akakufa. Mugonjwa hana haya." Tangu tulipomzika mama yangu katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hakuna mtu aliyeniita hivyo. Sasa hivi dada wa simu amenijulisha kwamba kumbe Mama Clothilde naye alikuwa ameomba kubadilishwa, na kwamba mmempata kijana anayeitwa Kimutai, aanze Jumatatu. Mama amekwisha kufuta ombi lake, nami nafuta langu. Huyo Kimutai mpelekeni kwa mtu asiye na mama.