Jinsi Wakio wa Mbololo Alivyoiteka Silabi ya MA

Nyamazeni, enyi mlioketi na enyi mliosimama! Zimeni redio, teremsheni sufuria, na aliye na mtoto anayelia ampe titi atulie, kwani kinachokuja hapa si kisa cha kupitishia saa, bali ni tarehe ya vita. Sitawaimbia majemadari waliovuka mito, wala wafalme waliobomoa ngome. Nitawaimbia msichana mmoja wa Mbololo, aliyepigana tangu saa nne asubuhi hadi saa saba mchana mbele ya dirisha lenye upana wa dhiraa moja, akaiteka silabi yenye herufi mbili. Ewe kalamu yangu, usikaukiwe na wino. Nawe Ngeli, mama wa upatanisho, sogea karibu, maana leo utatajwa sana.

Mimi mwandishi naitwa Tryphena, mtunza stoo ya sufuria katika chuo kimoja cha ufundi pale Voi, ambacho jina lake nalisitiri kwa sababu bado kinanilipa. Niliyaona haya kwa macho yangu, kwa kuwa nilikuwa wa pili kwenye foleni, na fomu yangu ya likizo mkononi, nikingoja kutolewa nakala. Nakala hiyo sikuipata siku ile.

Basi jueni kwamba katika chuo hicho palikuwa na Wakio binti Mghalu, Mshika Mwiko, Mpika Wali Usioshikana, mwanafunzi wa upishi mwaka wa pili. Macho yake tangu kuzaliwa yanamwona mtu, yanauona moto, yanaona kitunguu kilichoiva na kilichoungua. Ni herufi ndogo tu zinazoyakimbia, na miwani ya kila namna imejaribiwa ikashindwa. Muhula uliopita alifanya mtihani kwa karatasi ya kawaida kwa kuona haya kuomba nyingine, akajibu maswali aliyoyakisia badala ya yale aliyoulizwa, akapata alama ishirini na tisa. Watu wakasema ni mvivu. Mimi niliyempimia unga mwaka mzima najua kwamba si mvivu, na neno hilo liliniuma kama limesemwa juu ya mwanangu. Sasa mtihani ulikuwa saa nane mchana, na akianguka tena angeondolewa kwenye kozi.

Lakini safari hii hakuja mikono mitupu. Alikuwa na barua, naam, barua yenye mhuri, iliyotoka kwenye ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalum, iliyoandikwa na Madam Mable mwenyewe. Na hapa, wasikilizaji wangu, ndipo shetani alipoingiza mkono wake. Juma lile lilikuwa Wiki ya Kiswahili, na mkuu wa chuo alikuwa ameamuru kila barua iandikwe kwa Kiswahili, wala asionekane mtu akiandika Kiingereza hata kwenye risiti ya chaki. Ofisi nzima ikaugua. Madam Mable ni mtu wa Wundanyi. Huongea Kidawida na mama yake na Kiingereza na kompyuta, na Kiswahili hukitumia sokoni, ambako hakuna anayesahihisha. Akakaza roho, akaandika: *Mwanafunzi huyu apewe karatasi ya maandishi kubwa.* Akapiga mhuri. Kisha akapanda zake Wundanyi kwenye warsha ya siku mbili iliyoitwa "Kumfikia Kila Mwanafunzi", na simu yake ikazimwa.

Barua hiyo ikafika mikononi mwa Festus Nzau. Tetemekeni! Nzau, Simba wa Dirisha, Sultani wa Mashine ya Nakala, aliyepata A ya Kiswahili kidato cha nne na kuitunza moyoni miaka thelathini. Zamani aliwahi kumtolea mwalimu mmoja nakala kwa ombi la mdomo, akapewa barua ya onyo. Tangu siku ile hutenda kilichoandikwa, wala haongezi wala hapunguzi. Huyo ndiye aliyemwita Wakio saa nne asubuhi aje auone ukurasa wa maagizo, maswali yenyewe yakiwa siri, athibitishe kwamba ametendewa haki.

Dirisha likafunguliwa. Likatoka karatasi la manila, lile la kuchorea ramani za ukutani, refu kuliko meza, likapinda, likaangusha kikombe cha kalamu. Na katikati ya bahari hiyo nyeupe, pamebandikwa kwa gundi ukurasa wa kawaida, wenye herufi za kawaida, ndogo kama mbegu za mchicha.

Wakio akalitazama. Akalisogeza puani. Akalisogeza mbali. Akatafuta maandishi kwa kidole.

"Ewe mwenye dirisha," akanena, na sauti yake ikatikisa pini katika visahani vyake, "niliomba nuru, nawe umenipa ukuta! Nitasomaje nyayo za chungu katika jangwa hili?"

Hivyo ndivyo alivyosema kwa adhama ya tarehe. Kwa kuwa nilikuwa nyuma yake, dhamiri yanilazimu niongeze kwamba kwa sikio la kawaida ilisikika hivi: "Aki Mzee Nzau, hii si ni ileile tu?"

Nzau akasimama. Akavaa miwani. Akaishika barua kwa ncha mbili za vidole, naye akahutubu.

"Sikiza, binti. Maandishi ni ngeli ya YA-YA. Kivumishi chake ni makubwa. Maandishi makubwa, maandishi mazuri, maandishi mabaya! Sasa tazama barua hii iliyopigwa mhuri. Pana ma hapa? Hapana. Pana kubwa, kavu, peke yake. Na kubwa hii, ikiwa haipatani na maandishi, inapatana na nini? Inapatana na karatasi, ngeli ya I-ZI, karatasi kubwa! Barua imeamuru karatasi iwe kubwa. Nimetafuta kubwa zaidi katika Voi nzima. Imetimia."

"Lakini Mzee, Madam alimaanisha herufi."

"Mimi sitoi nakala ya alichomaanisha mtu. Natoa nakala ya alichoandika. Aliyeandika ndiye atakayeongeza ma."

Basi Wakio akaiinua simu yake kama mpiga mbiu, akamwita Mable wa Wundanyi. Hapatikani. Akamwita tena. Hapatikani. Mara saba akamwita, na mara saba yule mwanamke wa mitambo akajibu kwa upole ule ule, na huko juu kwenye ukungu Madam Mable alikuwa akifundishwa namna ya kumfikia kila mwanafunzi. Jua la Voi likapanda. Foleni ikaota matawi. Mtu mmoja akasema msichana akae na hilo manila tu, angalau akimaliza mtihani ajifunike, na wachache wakacheka. Mimi sikucheka.

Ilipotimia saa saba kasoro dakika ishirini, Nzau akatazama saa, akatamka lile neno ambalo majeshi yote huliogopa, yaani "lunchi," akafunga dirisha, akavuta pazia.

Foleni ikavunjika. Tukabaki wawili. Nilitaka kumwambia Wakio twende tukanywe chai, lakini nilijua chai haitafaa kitu. Akasimama mbele ya dirisha lililofungwa, uso karibu ugonge kioo. Na juu ya kioo hicho palikuwa na tangazo. Lilikuwepo siku zote. Sote tulilipita kila siku kama unavyoipita nguzo ya stima. Lakini Wakio hakuwa na pa kwenda, akainua simu, akalipiga tangazo picha, akaikuza mpaka herufi moja ikajaa kioo kizima cha simu, akaanza kusoma kama asomavyo kila kitu maishani mwake, herufi moja, kisha nyingine, kisha nyingine.

Ghafla akacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, lakini kilikuwa kikubwa.

Pazia likasogea. Dirisha likafunguka kiasi cha vidole vitatu, na nyuma yake likaonekana shavu lililojaa chapati. "Ni nini kinachokuchekesha?"

"Mzee," akasema Wakio, "maombi ni ngeli gani?"

"YA-YA," akajibu Nzau kabla hajafikiri, kama askari mstaafu aliyesikia amri.

"Kwa hivyo maombi yote..."

"Yaletwe."

"Hapa umeandika iletwe."

Enyi watu wa Voi, na ninyi wa Marungu mliodhani kelele ile ya mchana ilikuwa ni ya treni! Ulikuwa ni mlango wa chumba cha nakala, ambao sisi watumishi tuliuamini kuwa pambo, ukifunguka kwa bawaba zilizokauka. Akatoka Nzau mzima mzima, mwenye miguu, upande huu wa dirisha, upande wa watu. Akainama mbele ya tangazo lake mwenyewe: MAOMBI YOTE ILETWE KWA MAANDISHI. Akalisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akalisoma tena. Chapati ikamshinda kumeza.

"Niliandika kwa mkono wangu," akasema polepole. "Miaka kumi na moja. Nani mwingine ameona?"

"Hakuna, Mzee. Wengine wanasoma haraka wanapita. Mimi nasoma herufi moja moja, sina namna nyingine."

Nilidhani sasa Wakio atamchinja. Silaha ilikuwa mkononi, adui amelala chali, na mimi ningemchinja bila kunawa. Lakini Wakio akashusha simu, na haya aliyoyanena nayaandika kama yalivyotoka, bila kuyavika joho lolote.

"Mzee, miaka yote hiyo watu wamekuletea maombi kwa maandishi. Hakuna aliyepotea. Tulijua ulimaanisha nini. Sasa niambie ukweli tu. Wewe hukujua Madam alimaanisha nini?"

Nzau akatazama chini. 

"Nilijua," akasema. "Nilijua tangu asubuhi."

Kisha, bila barua, bila idhini, bila simu kutoka mlimani, Festus Nzau mwana wa Muinde akachomoa kalamu nyekundu mfukoni. Akaiegemeza ile barua ukutani, kati ya *maandishi* na *kubwa* akachora mshale mdogo, na juu ya mshale akaandika, kwa mwandiko wa mtu aliyepata A, herufi mbili: *ma*. Akatia sahihi. Akatia tarehe. Ilikuwa saa saba na dakika tano mchana.

Ndipo mashine ikanguruma! Ikatema moshi kidogo, karatasi ikakwama, Nzau akaifungua tumbo na kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akaichomoa, ikakwama tena, akaitukana kwa Kikamba, ikatii. Kurasa mbili zikawa kurasa tisa, herufi zimenona, nafasi pana kati ya mstari na mstari. Ya nane ilipokuwa ikitoka, simu ya Wakio ikalia. Alikuwa Madam Mable, mapumziko ya mchana yamefika, sauti imejaa biskuti: "Wakio, mama, nimeona umenipigia. Kwani kuna shida huko?"

Nzau akaiomba simu. "Hakuna shida yoyote, Madam," akasema. "Rudi kwenye warsha ukamfikie mwanafunzi."

Saa nane kamili Wakio akaketi. Msimamizi akamletea bahasha yake nene, wenzake wakageuza shingo, naye hakujificha. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa kisingizio cha kuhesabu viti. Nilimwona akiufungua ukurasa wa kwanza, akiuweka mezani, si puani, na macho yake yakitembea kutoka kushoto kwenda kulia bila kidole. Swali la kwanza, aliniambia baadaye, lilimtaka ataje sababu tano za mpishi kunawa mikono. Yeye alikuwa nazo saba. Nililia pale mlangoni, na sikuona haya.

Iandikwe basi, na isomwe mbele za watu, kwamba katika Wiki ya Kiswahili silabi ya MA ilitekwa pasipo damu kumwagika, ila wino mwekundu kidogo na chapati nusu. Mwaka huu na uitwe Mwaka wa MA. Waliohesabu zamani kwa njaa na kwa mvua kubwa sasa wahesabu kwa huu. Wakiuliza wajukuu ni nani aliyemtoa Nzau upande wa pili wa dirisha, waambiwe: ni Wakio binti Mghalu, Mshika Mwiko, Msoma Herufi Moja Moja, aliyeweza kumwaibisha mtu akachagua kumwuliza swali.

Kesho yake tangazo lilikuwa limebanduliwa kwenye kioo, pamebaki alama nne za gundi tu. Saa mbili asubuhi nikawakuta wanafunzi watatu pale dirishani, hakuna hata mmoja mwenye karatasi mkononi. Wa mbele alikuwa Nthenya wa ushonaji, yule anayekaa safu ya nyuma na ambaye walimu husema hapendi kusoma. Alikuwa akikunja ncha ya sweta.

Nzau hakudai barua. "Herufi za ukubwa gani zinakufaa?" akasema.

Nthenya hakuwa amewahi kuulizwa swali hilo. Basi Nzau akachukua karatasi iliyokuwa karibu, ratiba ya chakula ya juma, akaitoa kwa ukubwa wa namna tatu, akazipanga kwenye kizingiti cha dirisha, akangoja. Nthenya akaipita ya kwanza. Akaipita ya pili. Akaishika ya tatu kwa mikono miwili, akaisoma kwa sauti, kuanzia githeri ya Jumatatu hadi pilau ya Ijumaa, bila kuruka neno.