Kompyuta Yangu Iko Mwaka 2013

Jumatano, 14 Januari 2026

Leo nimefanya jambo la kishujaa. Nimeweka Windows 11! Peke yangu, bila fundi, hapa hapa ofisini kwangu Kibiti.

Chanzo ni Ridhiwani, mchoraji ramani mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Jana aliingia kuazima kalamu, akaitazama kompyuta yangu, akauliza kama niliirithi kwa babu. Wateja wawili walicheka. Kalamu hakurudisha.

Sasa skrini inang'aa. Nimeacha mlango wazi ili apite aone. Hakupita.

Jumanne ijayo kamati ya kijiji cha Maparoni, huko kisiwani deltani, inachagua mchoro wa gati lao. Gati dogo la mbao, watu washuke botini pakavu badala ya kuvuka tope. Tuko wawili tu: mimi na Ridhiwani. Nikikosa na hii, bora nifungue genge la nyanya. Lakini sikosi. Mchoro wangu umekamilika, umo ndani ya Mzee. Mzee ni programu yangu ya kuchorea, ya mwaka 2004. Tumezoeana. Kesho nachapa tu.

Alhamisi, 15 Januari

Mzee kagoma!

Nabofya, anajibu kwamba hawezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Nimebofya mara arobaini. Nimezima na kuwasha. Nimesoma Ayatul Kursiyu. Bado.

Mke wangu Salima kauliza kwa nini sikuchapa mchoro kwanza ndipo nibadilishe kompyuta. Maswali ya Salima ni mazuri, ila huchelewa siku moja.

Ridhiwani keshasikia. Kaja mwenyewe, anatabasamu, kasema nimpe faili, programu yake mpya italifungua kwa dakika mbili. Nimkabidhi fisi bucha? Nimemwambia sina shida yoyote, nilikuwa namjaribu Mzee tu. Na kalamu yangu je? Kasema kaisahau nyumbani.

Jumamosi, 17 Januari

Ushindi!

Kumbe ipo dawa. Unabofya kitufe cha kulia, unachagua programu ijione iko kwenye Windows XP. Yaani unamdanganya Mzee kwamba dunia haijabadilika. Mzee kaamka. Kisha akasema leseni yake ilikwisha tarehe 31 Desemba 2013. Jamaa aliyeniwekea zamani alikuwa na ujanja wa kuizunguka leseni hiyo, lakini kahamia Lindi na simu hapokei.

Nikafikiri. Nikarudisha kompyuta nyuma mpaka mwaka 2013. Siku na mwezi sikugusa, mimi si mwongo kiasi hicho. Mzee akafunguka! Mchoro wangu huo hapo, mzima! Nusura nilie. Nimechapa nakala tatu.

Nikamwonyesha Salima. Kasema gati zuri, ila fupi. Salima kazaliwa Maparoni lakini michoro hakusomea. Mimi nilipima mwenyewe mwezi wa tisa, baada ya kula wali na kamba, na maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye nyasi.

Jumapili, 18 Januari

Nahodha Mshamu anaondoka bandarini Nyamisati kwenda Maparoni Jumanne alfajiri. Kasema mwezi unaandama, hili ni bamvua, maji hujaa sana na kukupwa sana, ikifika saa tano asubuhi mito itakuwa imekauka, kwa hiyo anayetaka kufika awahi. Ridhiwani keshajiandikisha kwake.

Mimi sibahatishi. Nina programu ndogo ya saa za maji humo humo kwenye kompyuta. Nimeifungua kwenye ukurasa wa tarehe 20 Januari. Inasema kinyume kabisa! Alfajiri maji yamekupwa, saa tano yamejaa. Maana yake Mshamu kazeeka, na Ridhiwani atakwama topeni na viatu vyake vyeupe. Sijamwonya. Nimecheka peke yangu mpaka Salima kaja kuangalia kuna nini.

Nimekodi boti ya Idrisa, tuondoke saa nne. Idrisa alikuwa bodaboda mpaka mwezi uliopita, kwa hiyo hana ubishi wa kinahodha.

Salima kaichukua karatasi niliyochapa saa za maji. Kauliza mbona imeandika tarehe 20 ni Jumapili wakati ni Jumanne. Nikamweleza kwamba kompyuta inaweza kukosea majina ya siku, maji haikosei. Kasema kwao hata mtoto wa chekechea anahesabu siku za mwezi kwa vidole akajua maji. Nikamwambia ndiyo maana hawana gati. Hajaniandalia chakula cha usiku.

Jumatano, 21 Januari

Sitaki kuandika ya jana. Naandika.

Tuliondoka saa nne. Watu wa Nyamisati walitutazama kwa huruma, nikadhani ni heshima. Saa tano boti ikasimama. Idrisa akasema injini imezima. Injini ilikuwa inanguruma vizuri. Boti ndiyo ilikuwa imekaa juu ya tope. Mkondo umebaki upana wa mtaro wa barabarani. Maparoni ilikuwa mbele yetu, naona mpaka kuku. Nilimwona hata Ridhiwani, amekaa ukingoni anakula kitumbua, viatu vyeupe pe.

Kikao kilikuwa saa saba. Nikashuka. Tope likanifika kiunoni, likakataa kuniachia. Nikainua mchoro juu ya kichwa na kupiga kelele, jambo ambalo mtaalamu hapaswi kufanya.

Aliyekuja kunitoa ni mwenyekiti wa kamati mwenyewe, Bi Mwanamkuu, na wanawake wawili wanasukuma mbele yao ubao wa kutelezea topeni. Mmoja wao, Mwanasiti, ni mjamzito wa miezi minane. Kanishika mkono akanivuta. Akaniambia kwa upole kwamba mwezi ujao na yeye atavuka hapa hapa kwenda kujifungua, na aliyemtangulia mwaka jana alijifungulia kwenye tope hili. Niliona haya. Haya ya kweli, si ya viatu kuchafuka.

Ukingoni Bi Mwanamkuu akaukunjua mchoro, akaniomba nimwonyeshe gati langu linaishia wapi. Nikaonyesha kisiki kimoja. Kutoka kwenye kisiki mpaka kwenye maji, hatua sitini za tope. Akasema mwanangu Mfaume, hili gati litatutoa kwenye nyasi na kutushusha topeni, na topeni tunajua kwenda wenyewe.

Nikangoja Ridhiwani atangazwe. Kumbe lake fupi zaidi! Alipima kwa picha ya setilaiti. Alhamdulillahi.

Bi Mwanamkuu kaamua hivi: anayetaka kazi apime maji yakiwa yamekupwa, siku nne mfululizo, alete vipimo Jumanne. Asiyeleta asirudi tena.

Nikamweleza Salima yote. Nikamwambia kosa nimelijua: mwaka 2013 haukufaa, programu ya maji nayo iliufuata; ningerudi 2011, maji yake yanafanana na ya mwaka huu.

Jumatatu, 26 Januari

Nimetoka Maparoni leo. Siku nne topeni, kwa kamba na vigingi. Mwanasiti alinishikia ncha ya kamba na hakulalamika hata mara moja. Kasema akipata gati hata kwa mtoto wa pili ataniombea dua. Sijawahi kupima kitu kwa uaminifu namna hii.

Ridhiwani kashindwa siku ya pili. Kaniachia kamati yote, na kalamu pia karudisha.

Daftari la vipimo lilidondoka majini Ijumaa, lakini sina wasiwasi. Kila kipimo nimekipiga picha, zote zimo kwenye simu. Salima kanisisitiza nivinakili kwenye karatasi sasa hivi, kabla sijagusa kitu kingine. Kanipa na karatasi. Nitanakili, kwani nani kakataa?

Ila simu inasema toleo jipya liko tayari. Inauliza: sasa au baadaye? Ya Ridhiwani keshaiwekea toleo jipya, nimeona. Mimi si mtu wa baadaye. Nimebonyeza sasa.

Imezima. Ikiwaka tu nanakili.