Betri za Mjane Oleta

Lyle Haskett alimwona mjane Oleta Brandvold, lakini kilichomsimamisha ni betri. Nne, za lithiamu, zimepangwa mchangani kando ya gari-nyumba lake kama vitu vinavyosubiri kuzolewa.

"Zimekufa," alisema Oleta, akigeuza chapati za maji jikoni pake pa nje. "Marehemu alizinunua mwaka juzi. Tangu nifike jangwani, sifuri."

Lyle alivua kofia. Januari nzima alikuwa akizunguka kambi hii ya Arizona, kati ya wastaafu waliokimbia theluji ya kaskazini, akiwasaidia. Msaada wenyewe ulikuwa huu: alipima betri za mtu wakati birika la umeme likichemka na kuzinyonya, mita ikaonyesha chini, naye akatikisa kichwa kama daktari aliyezoea kutoa habari mbaya. Kisha alizibeba eti akazitupe, akazijaza maji ya betri ambayo mwenye betri alisahau kuongeza mwaka mzima, akazichaji kutwa kwenye sola, akazisugua kwa magadi na kumuuzia jirani wa pili. Nusu ya kambi ilikuwa imebadilishana betri, na kila mmoja alishukuru.

Alizipima za Oleta. Sifuri kweli. Alificha furaha yake. Betri ya lithiamu ikiishiwa kabisa hujifunga yenyewe. Haijafa, imelala, na chaja yake huiamsha. Lyle alilijua hilo, na alijua pia kwamba bei yake ni mara kadhaa ya betri ya maji. Mjane angelijulia wapi? Aliinua moja. Nyepesi, kama lithiamu inavyotakiwa kuwa.

"Pole, mama. Hizi ni maiti."

"Si nimekwambia? Jamaa wa mjini Yuma anakuja saa nane. Ataniwekea nne za maji, zimejaa chaji, abebe hizi. Na ananiongezea dola mia tatu."

"Mia tatu! Kwa maiti?"

"Nilishangaa hata mimi."

Ilikuwa saa saba na robo. Lyle alikuwa ameuza kila betri aliyokuwa nayo. Zilibaki nne tu, za gari-nyumba lake mwenyewe, zinazoendesha feni ya hita, pampu ya maji na friji. Bila hizo, gari lake ni bati lenye kitanda. Lakini ni kwa saa chache tu, alijiambia, mpaka hizi ziamke.

"Mama, huyo wa Yuma tapeli," alisema kwa uchungu wa kweli. "Ngoja."

Alileta betri zake nne, akazifunga mwenyewe chini ya ngazi ya Oleta, akakaza nati, akapaka grisi, akamhesabia dola mia tatu na kubeba zile za lithiamu. Oleta alimpa chapati moja.

Kwake, chaja ya sola ilinguruma alasiri nzima bila kuamsha kitu. Jua likielekea kuzama, Lyle alipasua kifuniko. Ndani hamkuwa na seli. Mlikuwa na mchanga wa choo cha paka na sponji, vimepimwa na mtu mwenye subira mpaka uzito ukawa sawasawa.

Asubuhi alifika kwa Oleta amevaa makoti mawili na blanketi. Mjane alikuwa akinywa kahawa na majirani sita, wote wateja wa Lyle.

"Mama, zile betri…"

"Zile maiti?" Oleta alipaza sauti. "Zimefanya nini tena?"

Nyuso sita ziligeuka. Gus Pruitt, aliyeuziwa mbili Jumanne, aliweka kikombe chini.

"Wewe Lyle, si husema unazitupa?"

Lyle alikaza blanketi. Kila lalamiko lililomjia lilianza na maelezo ambayo hakutaka Gus ayasikie.

"Nimezitupa," alisema.

"Maskini, na unavyotetemeka!" Oleta alisema. "Leta waya uchomeke kwangu. Dola tano kwa saa, maana ni wewe."

Alileta waya, akachomeka, akalipa saa tatu. Hita yake ilivuma papo hapo, bila kusita hata kidogo. Betri zile, zake mwenyewe hadi jana, hazikuwahi kukosa maji wala kulala bila chaji hata siku moja. Aliyezitunza alikuwa fundi hasa.