Malalamiko Juu ya Prosesa Inayoinyanyasa Memori

Kwako Shemeji, Fundi wa Kompyuta wa Ukoo Mzima,

Sisi huku hatujambo, isipokuwa kompyuta. Nakuandikia rasmi kwa sababu kwenye simu unanicheka, na mtu akichekwa hoja zake hupungua uzito.

Unajua kwamba naunganisha mwenyewe video ya harusi ya binti yangu, mpwa wako, na kwamba wakwe wanakuja kuitazama Jumamosi. Nilimkataa mpiga video wa kukodi, nikashika kamera mwenyewe, nikajigamba mbele za watu. Sasa kila asubuhi binti ananiuliza, "Baba, imefika wapi?" kwa sauti ya mtu anayemuulizia mgonjwa. Ndipo nikakuomba uiongezee mashine kasi. Ukaja, ukaingia kwenye mipangilio, ukapandisha mapigo ya prosesa, ukanywa chai yetu, ukaondoka. Tangu hapo video inakwamakwama. Malalamiko yangu ni haya:

1. Memori haina saa yake. Ulinieleza mwenyewe kwamba katika mashine hii prosesa ndiyo mpiga ngoma. Memori huhesabu tu mapigo, ikapiga hatua moja kila pigo la tano. Miaka yote hii sikujua. Ningejua, ningeihurumia mapema.

2. Ulipoiharakisha ngoma, pigo la tano likawa linafika upesi kuliko memori inavyoweza. Mwenye huruma angesema basi, ingoje tano na kidogo. Lakini mashine haijui kidogo. Inajua namba nzima. Ikaisogeza memori hadi pigo la sita. Kwa hiyo prosesa imeongezewa mwendo, na memori ikawa nzito kuliko zamani! Wahenga walituonya kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Hawakusema kwamba kabla haijapasuka, mchezaji atanyimwa hatua.

3. Nilipokulalamikia ukajibu, "Shem, ndivyo hesabu ilivyo." Shemeji, hilo si jibu. Hata mtihani nilioufeli shuleni ulikuwa wa hesabu, na mpaka leo sijaukubali.

4. Balaa lenyewe limeingia hadi nyumbani. Dada yako ndiye prosesa ya nyumba hii. Yeye akiwa ameshafua, amepika, amegombana na fundi bomba na kupatana naye, mimi ndipo navaa soksi. Tumeishi hivyo kwa amani tangu ujana. Lakini tangu aanze kujiandaa kuwapokea wakwe ameongeza mwendo, nami siku hizi natoka na soksi moja.

Kwa kuwa maonevu haya mawili ni ya aina moja, naomba yatatuliwe kwa safari moja. Uje uipunguze kasi prosesa; kisha, ukiwa kaka mtu, ukae na dada yako umrudishe kwenye mipangilio aliyokuja nayo. Kama hili la pili linakutisha kama linavyonitisha mimi, basi waeleze wakwe kwamba kwa mahesabu ya nyumba hii Jumamosi yao bado. Waingoje ya sita.

Msalimie mkeo, wasalimie watoto, na yule paka wenu anayelala juu ya kibodi, ambaye nina hakika ananishinda kompyuta.

Mimi ninayengoja pigo langu,
Shemeji yako, Mhariri wa Video wa Kujitangaza

Baada ya sahihi: Dada yako ameisoma barua hii wakati natafuta bahasha. Aliketi, akarudisha mapigo ya prosesa pale yalipokuwa, memori ikarudi kwenye pigo la tano, na video ikakamilika. Binti akaitazama yote, kisha akaniuliza, "Baba, kwani hii harusi ni ya nani?" Kumbe yeye haonekani ila mgongo. Kila alipokuja mbele ya kamera mkono wangu ulitetemeka, na picha zote za namna hiyo nilizikata kwa aibu. Ameniagiza nizirudishe hivyo hivyo, na mtetemo wake. Nazirudisha. Mashine inakwenda vizuri kabisa. Ila kila nikifika pale anapoingia na shela, naisimamisha mwenyewe. Jumamosi ikifika sijamaliza, usiilaumu prosesa.