Dawa ya Viwavi wa Mbula

Jumatatu, 5 Mei. Mwatate.
Viwavi wa hariri wengi wamekufa tena. Wamelegea, wakawa weusi, wananuka. Mke wangu Mbula analia kama amefiwa. Jumamosi kikundi cha kina mama wenye mradi huu kinakuja kukagua. Wakikuta hali hii, trei zote za viwavi zitahamishiwa kwa jirani yetu Mwandawiro. Mbula ati ugonjwa umetokana na majani ya mforsadi yenye umande niliyowalisha. Umande ni mimi niliuleta? Wa Mwandawiro hawafi. Lazima ana dawa.

Jumanne, 6 Mei.
Nimeenda kwa Mwandawiro kuazima jembe. Jembe ninalo. Nyuma ya jiko nimekuta sufuria inachemka. Mwarobaini! Nimemuuliza ni nini, akasema ni dawa tu. Mchoyo. Nimerudi nikiimba. Jembe nimelisahau.

Jumatano, 7 Mei.
Nimechemsha mwarobaini nusu gunia. Unatibu magonjwa arobaini, utashindwa na kiwavi? Nimechovya majani yote. Mbula akauliza nimekijuaje kipimo. Nikamwambia nimefanya utafiti.

Alhamisi, 8 Mei.
Wamegoma kula. Wameinua vichwa wananitazama. Wengine wanahama trei, mmoja amefika kwenye kalenda. Nimeonja jani. Mdomo mchungu mpaka saa hii. Hao wanadeka tu.

Ijumaa, 9 Mei.
Mwandawiro ameniletea jembe. Amemweleza Mbula kwamba ule mwarobaini ni wa kuogea, ana upele. Viwavi wake huwapa majani yasiyo na umande, yaliyochovywa kwenye maji yenye kivumbasi kidogo sana, ule mmea unaonukia, kisha yakaanikwa kivulini. Angeniambia, ila sikuuliza habari za viwavi. Mbula ametoka naye akaniacha mlangoni, na hilo ndilo limeniuma. Wamechuma kivumbasi mpaka jioni. Kimejaa kwenye ua wetu wenyewe.

Jumamosi, 10 Mei.
Kina mama wamefika. Viwavi waliobaki wanakula mpaka unawasikia. Mbula ametabasamu, mara ya kwanza wiki hii. Moyo wangu umetulia. Mwenyekiti wao, Mama Mbinya, akauliza mimi kazi yangu ni ipi. Mbula akamjibu kwamba mimi huchemsha. Wamecheka sana. Trei zinabaki, mradi nisikanyage chumba cha viwavi.

Sawa, nimekubali. Lakini nimewaza. Kama kivumbasi kidogo kimewasaidia hivi, sufuria nzima je? Mbula kesho anaenda kanisani mapema. Dirisha la chumba kile halina komeo, na maji nimeshateka.