Mashua Iliyoundwa Mezani kwa Dada

Watu walimwita Wakili kwa sababu ya koti na mdomo. Mahakamani alishafika mara kadhaa, ila si upande ule wanaokaa mawakili. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi kando ya bwawa la bustani ya mji akisubiri riziki ijilete yenyewe, na kweli ikajileta, imevaa kofia ya jua.

Ilikuwa ni meneja mstaafu wa benki. Ng'ambo ya maji, wastaafu wenzake wa chama cha mashua za rimoti walikuwa wakishindanisha vyombo vyao kwa ukali wa ndugu wanaogombea urithi. Yeye alikuwa mikono mitupu, akiwatazama kwa husuda isiyojificha.

"Ya kwako iko wapi, mzee?" Wakili aliuliza.

"Iko ndani ya boksi, vipande vitupu. Nimejaribu kuiunda, nikaishia kujigundisha kidole mezani."

"Si ununue iliyokwisha kuundwa?"

Meneja aligeuka kwanza kuangalia nyuma. "Katiba hairuhusu. Kila mwanachama anaapa mbele ya mwenyekiti kwamba chombo amekiunda mwenyewe. Na mwenyekiti ni yule mama pale, alikuwa mwalimu mkuu. Akikukamata na uongo, utatamani ardhi ipasuke."

Wakili alihisi raha ikimpanda kifuani. Mtu aliyenunua kitu asichoweza kukiri amekinunua, kikipotea atamlilia nani?

Wakakubaliana palepale. Wakili angeunda mashua kwa siri. Meneja angetoa nusu ya malipo sasa, na nusu baada ya mashindano makubwa ya chama, iwe imeshinda au imezama. Jambo moja tu Meneja hakuambiwa, nalo ni rimoti ya pili. Katikati ya mashindano Wakili angeinyakua mashua kutoka mbali na kuipeleka kwenye matete, watu waseme imezama, kisha angeenda kuiuza kwa mstaafu wa mji mwingine. Wastaafu hawajawahi kuadimika.

Boksi likahamia kwa dada yake mkubwa, muuguzi, ambako Wakili alikuwa amefikia kwa siku mbili tatu, mwaka juzi, na hakuondoka tena.

"Nini tena hiki juu ya meza yangu?"

"Kazi, dada."

Dada alimwekea kiganja kwenye paji la uso kupima kama ana homa.

Nia ya Wakili ilikuwa kuiunda mashua juujuu tu, ielee raundi moja basi. Ila ubavu wa tatu ulikaa upande. Ulikuwa kosa dogo ambalo mnunuzi asingeliona, na Wakili alijaribu kwa moyo wote kutolijali. Akalala, akaamka, akaubandua. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kuharibika kwake. Kuanzia hapo alipiga msasa hadi vidole vikachubuka. Vibanio vya nguo vya dada vyote vilihamia mezani kushikilia mbao zenye gundi, na shuka zikawa zinapeperukia kwa jirani. Alipoijaribu kwenye beseni la kufulia ikavuja, akafumua ubao wa chini wote akaanza upya. Nusu ya malipo aliyopokea iliishia kwenye mota nzuri na rangi ya buluu, jambo ambalo kitaalamu ni aibu kwa mtu wa fani yake.

Siku alipomaliza, dada yake alisimama mlangoni na sare yake ya kazini, akaitazama mashua kwa muda mrefu.

"Umeiunda wewe hii?"

"Si umeniona?"

"Nimekuona. Bado siamini." Akajifuta macho. "Mama angekuwepo, angemwonyesha kila mpita njia. Hayo mashindano, na mimi nakuja."

Wakili alijaribu kumkataza. Dada alivaa gauni la harusini.

Siku ilipofika, Meneja aliapa mbele ya mwenyekiti kwa sauti isiyotetereka. Dada akamgusa Wakili kiwiko. "Mbona anasema ni yake?"

"Taratibu za chama, dada. Nitakueleza nyumbani."

Kipenga kikalia. Mashua ya buluu ilichomoka na kuyaacha maji yametulia nyuma yake. Wakili, mkono mfukoni, alingoja mzunguko wa mwisho. Kushoto ni kwenye matete, na ndiyo mali. Kulia ni kwenye boya la kugeuzia, na nyuma ilikuwa inakuja mashua nyekundu ya mwenyekiti. Meneja alikuwa anaipeleka yake moja kwa moja kugonga boya.

Kidole gumba kikagoma. Kilikataa kabisa kwenda kushoto. Kikaichukua mashua, kikaizungusha boya kwa nafasi ya unywele, kikaisukuma hadi mstari wa mwisho ikiwa mbele. Wakili alijikuta amemkumbatia muuza maji asiyemjua, akipiga kelele, "Umeona kona hiyo? Umeiona?"

Alipopata akili alimvuta Meneja pembeni. "Hongera, mzee. Sasa ile nusu yangu."

"Nusu ya nini? Nimeapa nimeiunda mwenyewe."

"Nitawaambia wote."

"Waambie." Meneja alikunja kofia yake kwa utulivu. "Waambie na hiyo rimoti mfukoni ni ya nini. Mimi niliachia yangu kabla ya boya, nikaona chombo kinajiendesha. Nimekaa benki umri wangu wote, ndugu yangu. Mtu anayetaka kuniibia namfahamu hata akiwa amenipa mgongo."

Mwenyekiti alikuwa amefika na kikombe cha ushindi. Baada ya kumsifu Meneja kwa mikono yake ya dhahabu, alimgeukia Wakili.

"Na wewe, baba, nimekuona umeshangilia kuliko sisi wote. Umewahi kuunda mashua?"

Dada alikuwa amesimama pale pale, amenyoosha shingo, tayari kupiga makofi. Meneja naye alikuwa anamtazama, akigusagusa mfuko wa koti lake mwenyewe kama anayekumbusha kitu.

"Hapana, mama," Wakili alisema. "Mimi mikono hiyo sina."

Dada yake alikuwa amevumilia uongo wake wa kila aina tangu utotoni, na huo ndio ulikuwa wa kwanza kumliza.