Kamati ya Kuoanisha Makali ya Mbwa Mwitu

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kuanzia muhuri hadi kitunguu. Nikisema uongo, pensheni yangu na ichelewe. Imekwisha kuchelewa, najua, lakini kiapo ni kiapo.

Umma unatangaziwa kwamba siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, sebuleni kwangu, kilifanyika kikao cha dharura kuhusu mbwa mwitu watatu. Kikao kilifikia azimio kwa kauli moja. Kauli yenyewe ilikuwa yangu.

Nilikuwa mkuu wa masjala kwa miaka thelathini na mmoja. Masjala ni chumba ambamo mafaili ya ofisi hulala, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyabembeleza yasiamke. Siku ya kuniaga, wenzangu walinizawadia muhuri wangu mwenyewe, ule wenye maneno RUDI KESHO. Umelika upande mmoja kwa matumizi, lakini unasomeka. Waliousoma ni wengi.

Shida ilianza shemeji yangu alipotuletea mchezo wa kwenye televisheni. Yeye ni mdogo wa mke wangu, fundi wa televisheni, na aliona nakaa sana dirishani nikiwakosoa wapita njia. Mchezo wenyewe ni hivi: unatupwa porini kwenye theluji, una shoka, kibiriti na suruali. Kazi yako ni kutokufa. Kuna njaa, kuna baridi, kuna mbwa mwitu. Viwango vya ugumu viko vinne. Shemeji alinitafsiria: Mepesi, Wastani, Magumu. Cha nne alikataa kukitafsiri mbele ya dada yake.

"Mpe Mepesi," mke wangu alisema, akipita na beseni la viazi. Ni muuguzi mstaafu. Amekuwa msimamizi wa wodi, na bado anatutazama kama tuko kitandani. "Huyu atakufa kabla chai haijapoa."

"Nataka Magumu," nikasema. "Mimi nimeendesha masjala."

"Umeiendesha umekaa. Yai tu hujawahi kulichemsha likakubali."

"Jikoni napo ni pa kujisifia, mama? Moto upo, maji yapo, mbwa mwitu hakuna. Jiko ni Mepesi."

Akaliweka beseni chini taratibu. Mwanamume aliye kwenye ndoa miaka arobaini anaijua sauti ya beseni linalowekwa chini taratibu.

Tukaandikiana makubaliano. Nikimaliza siku thelathini za mchezo kwa Magumu, bila kushusha, mke wangu atasimama Jumapili mbele ya ukoo akiri kwamba jiko ni Mepesi, nami sitagusa kitunguu mpaka nizikwe. Nikishusha, jiko ni langu siku thelathini, kwa Magumu, na makali atayapanga yeye. Shemeji akawa shahidi. Nikadai nakala tatu.

"Tatu za nini, na tuko wawili?" mke wangu akauliza.

"Ya tatu ni ya faili."

"Faili la nani?"

"La faili."

Nikaingia porini. Kwa Magumu, ukifa unaanza upya siku ya kwanza. Mara ya kwanza niliganda. Mara ya pili nilikula uyoga niliouamini kwa rangi yake. Mara ya tatu niliungua katika moto niliouwasha mwenyewe nikiwa nimeukalia, na shemeji akasema hajawahi kusikia mchezaji aliyefika huko.

Mara ya nne nilifika siku ya kumi na saba. Nilikuwa kwenye kibanda cha magogo, mguu umevunjika, njiti ya kibiriti imebaki moja, na mbwa mwitu watatu wako mlangoni. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Wote watatu wakasimama midomo wazi, kama wananchi dirishani mhudumu anapokwenda kula.

Hapo ndipo nilipoiona, pembeni mwa kioo: sehemu ya kubadili ugumu. Mtu wa hovyo angebonyeza tu. Mimi nimelelewa na utaratibu. Nikachukua karatasi na rula, nikaitisha kikao.

Waliohudhuria: Mwenyekiti, mimi. Katibu, mimi. Mwakilishi wa waathirika, mimi, akiwa na mguu uliovunjika. Wasiohudhuria: mbwa mwitu, bila udhuru.

Mjadala ulikuwa mkali. Mwakilishi wa waathirika alilia. Mwenyekiti akamtaka alie kupitia kiti. Katibu akatoa angalizo kwamba makubaliano na mke wa Mwenyekiti yanakataza kushusha. Mwenyekiti akafafanua kuwa hakuna anayeshusha. Kinachofanyika ni kuoanisha makali na uwezo wa mlengwa. Katibu akapongezwa kwa kuelewa haraka. Ikaazimiwa kwenda Mepesi moja kwa moja, kwa kuwa kupitia Wastani kungeongeza urasimu.

Nikasaini mara tatu, kila cheo na kalamu yake. Kisha nikabonyeza.

Mbwa mwitu wa kwanza akaingia, akaninusa, akapita kama mkurugenzi anavyompita kibarua. Mguu ukapona ndani ya dakika mbili. Sungura wakawa wanakuja wenyewe, wamenona, karibu waje na chumvi. Siku kumi na tatu zilizobaki nilizimaliza nikiwa nimeegemea mto.

Jumapili ukoo ukajaa sebuleni. Kioo kikaonyesha siku ya thelathini, nami niko hai, mnene kuliko nilivyoanza.

"Shemeji, kwa Magumu?" fundi akashika kichwa. "Mimi nilikufa siku ya tisa."

"Ni nidhamu tu," nikamwambia. Nikahutubia. Nilizungumzia uvumilivu, maandalizi na vijana wa siku hizi.

Mke wangu akasimama, mikono ameikunja. "Sawa. Nimeshindwa, nitakiri. Ila lete ile karatasi niisome, nisije nikakiri zaidi ya tulivyopatana."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliiwekea na lami kabisa. Nilikwenda kabatini mwenyewe, kwa miguu yangu, nikamletea faili.

Mnielewe. Kanuni ya masjala ni moja: marekebisho yoyote huambatishwa kwenye waraka unaorekebishwa, juu yake, ili msomaji ayaone kwanza. Sijaivunja kwa miaka thelathini na mmoja. Halafu muhtasari ule ulikuwa umepigwa mistari vizuri sana.

Akavaa miwani. "'Mwakilishi wa waathirika alilia,'" akasoma. Akanitazama juu ya miwani. "Huyu ni nani?"

"Hiyo ni ajenda ya pili, mama. Nenda ukurasa wa—"

"Dada, usiruke," shemeji akasema. "Hapo patamu."

Akausoma wote, kwa sauti ile ya kuita wagonjwa. Alipofika kwenye sungura, maana niliwaandika chini ya utekelezaji, shangazi yangu alilazimika kutolewa nje apate hewa.

"Neno kushusha halimo humo," nikajitetea.

"Halimo kweli," akakubali. "Saini yako ndiyo imo mara tatu."

Sasa niko jikoni. Magumu ya mke wangu ni haya: mkaa mbichi, mchele wenye mawe, na chakula mezani saa saba kamili. Ukoo nao umegundua kwamba Jumapili inaweza kuangukia hata Jumatano. Siku ya nne walikuja watu kumi na mmoja. Nilikuwa na plasta kwenye vidole vitatu, na maharage yalikuwa yamenigomea tangu alfajiri.

Nikaandika ombi, nakala tatu, nikiiomba mamlaka husika ioanishe makali na uwezo wa mlengwa.

Mke wangu akalisoma amesimama. "Nakala tatu," akasema. "Vizuri." Akaelekea kabatini kwangu. Nikasikia droo. Kisha nikasikia mlio ninaoujua kuliko jina langu.

Ombi likarudi mkononi mwangu, wino haujakauka. Upande mmoja umefifia, lakini unasomeka.

"Kesho saa ngapi?" nikauliza.

"Saa za kazi."

Nikabaki nimeishika karatasi ile kwa vidole vya plasta. Miaka yote ile nilikuwa upande wa pili wa dirisha. Sikujua kwamba mtu akishaisoma anabaki amesimama kidogo, hajui aelekee wapi.

Kesho yake nilirudi, saa mbili kamili, nimechana nywele. Mke wangu alikuwa kwenye kiti changu, anacheza. Alikuwa siku ya ishirini na mbili, kwa kile kiwango cha nne kisichotafsirika, mbwa mwitu wanamkwepa.

"Kaa hapo kwenye foleni," akasema bila kugeuka.

Foleni ilikuwa ya mtu mmoja. Ilipofika saa tano akafunga dirisha, mimi bado sijahudumiwa, na mchele haujachambuliwa.